Mishipa ya damu ya uvimbe wa ubongo: njia nne za kuikabili, na ipi inamfaa nani

Swali lilinikuta nje ya wodi jijini Kampala, kutoka kwa mama mmoja aliyesafiri usiku kucha kwa basi kutoka Koboko. Kaka yake, dereva wa malori ya njia ya Juba, alikuwa ameshapasuliwa uvimbe wa ubongo na kumaliza mionzi, na sasa kichwa kilikuwa kimeanza kumuuma upya. Daktari alitaja dawa ya dripu "inayokata damu ya uvimbe". Mama yule aliniuliza kwa Kiswahili, maana hiyo ndiyo lugha tuliyokutana nayo: "Dada, tuuze shamba la baba?"

Mimi si daktari. Nawatafsiria wagonjwa na jamaa zao wanaotoka West Nile, Kongo na Sudan Kusini, na nimelazimika kukielewa ninachokitafsiri, kwa sababu neno moja likipinda, shamba linauzwa. Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya mtu aliyesimama pale aliposimama yule mama. Hautachukua nafasi ya daktari wa mgonjwa wako. Utakusaidia kumuuliza maswali yenye uzito.

Uvimbe unavyoita mishipa

Mambo yanaanza na kiu. Seli za glioblastoma, ambayo ndiyo saratani kali na ya kawaida zaidi inayoanzia ndani ya ubongo wa mtu mzima, huzaliana haraka kuliko damu inavyoweza kuzifikia. Zilizo katikati hukosa oksijeni. Kila seli ya mwili ina protini iitwayo HIF, ambayo huvunjwavunjwa muda wote oksijeni ikiwepo. Oksijeni ikipungua, HIF inasalimika, inaingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni za kuomba msaada. Gregg Semenza, Peter Ratcliffe na William Kaelin walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019 kwa kuufumbua mfumo huo. Na ombi kubwa linalotoka hapo huitwa VEGF.

VEGF ni kichocheo cha ukuaji cha mishipa ya damu. Seli inaitoa, inasambaa jirani, na kuta za mishipa iliyo karibu huinasa kwa vipokezi vyake. Zikishaipokea, seli za ukuta zinaanza kugawanyika na kuchipua kuelekea kule kichocheo kinakotoka.

Wengi nimewaeleza hivi. Chukua mtaa unaoota bila mpango bondeni Bwaise. Nyumba zinaongezeka, maji hayatoshi, mtu anampigia simu fundi bomba aje kuunganisha usiku. Simu hiyo ni VEGF, na sikio la fundi ni kipokezi. Fundi anakuja, anaunga mabomba juujuu, viungo vinavuja, na baada ya wiki mbili mtaa mzima ni tope. Tope hilo, ndani ya fuvu lisiloweza kutanuka, ndiyo majimaji yanayoleta maumivu ya kichwa, kutapika alfajiri, mkono kulegea na maneno kupotea. Mara nyingi mgonjwa anateswa na tope kuliko na nyumba zenyewe.

Historia ya VEGF inalithibitisha hilo. Mwaka 1983 Donald Senger na Harold Dvorak wa Boston waliieleza kama kitu kinachofanya mishipa ivuje. Mwaka 1989 Napoleone Ferrara na wenzake, huko California, wakaieleza kama kichocheo cha kukuza mishipa. Baadaye ikaonekana kwamba ni protini ileile moja.

Tena simu hazipigwi na mmoja. Anjiopoietini-2 hulegeza kuta za mishipa ya zamani ili chipukizi zipate pa kutokea, wakati anjiopoietini-1 huzikaza. PDGF huita seli zinazouzunguka mshipa na kuushikilia. FGF-2 huamsha ukuaji wa mishipa kwa kupitia vipokezi vingine kabisa. EGF hukuza seli za uvimbe zenyewe na kuzichochea zitoe VEGF zaidi. Shika hili la simu kuwa nyingi, kwa sababu ndilo linaloeleza kwa nini dawa zilizotarajiwa kuua uvimbe kwa njaa hazikufanya hivyo.

Matarajio hayo yalikuwa na msingi. Mwaka 1971 daktari mpasuaji Judah Folkman aliandika kwamba uvimbe hauwezi kuzidi milimita chache bila kujipatia mishipa mipya, kwa hiyo ukiizuia mishipa utauzuia uvimbe. Miaka 33 baadaye, mwaka 2004, Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya kuinasa VEGF, kwa saratani ya utumbo mpana. Ubongo ulifuata, na ubongo ukaleta somo lake.

Kwanza hakikisha ni uvimbe gani

Nasimama hapa kidogo kwa sababu nimeona watu wakipita haraka. Kwetu, doa linalong'aa kwenye picha ya ubongo linaweza kuwa glioblastoma, lakini pia linaweza kuwa toksoplasma, yaani maambukizi ya vimelea, kwa mtu mwenye VVU, au donge la kifua kikuu, au limfoma, yaani saratani ya seli za kinga. Mambo haya yote yanaweza kufanya mishipa ivuje na ubongo ujae maji, na yote yana tiba tofauti kabisa. Limfoma ina hila ya pekee: ukimpa mgonjwa steroidi, zile dawa za kukausha majimaji ya ubongo, kabla ya kuchukua kinyama cha kupima, inaweza kunywea hata mpimaji akakosa cha kuona. Uganda ni nchi ambayo daktari Denis Burkitt, akiwa hospitali ya Mulago, aliieleza mwaka 1958 limfoma inayobeba jina lake. Heshima ya kuchukua kinyama kabla ya kuhukumu tulipaswa kuwa nayo kuliko wengine.

Yanayofuata yanamhusu mgonjwa ambaye maabara imeshasema ni glioblastoma au uvimbe wa jamii yake. Pale dawa inapofaa kwa tatizo jingine, nitataja.

Vigezo vya kulinganisha

Kila njia nimeiuliza maswali yaleyale. Inaifanya nini mishipa? Inaongeza maisha, au inapunguza mateso, au vyote? Inadhuru nini? Inapatikana vipi hapa Uganda na inagharimu nini, pamoja na nauli na malazi? Na inamfaa nani?

Swali la pili ndilo watu wanaloliruka. Kuongeza maisha na kupunguza mateso ni mambo mawili, na yote mawili yana thamani, lakini familia inayolipia la pili ikidhani inalipia la kwanza imepotoshwa.

Njia ya kwanza: deksamethasoni

Kwenye mishipa. Hii ni steroidi ya zamani. Joseph Galicich na Lyle French wa Minnesota ndio walioieleza mwaka 1961 kwa wagonjwa wa uvimbe wa ubongo. Inakaza viungo vinavyovuja: inapunguza VEGF inayotolewa na uvimbe na kuongeza anjiopoietini-1, ile ya kukaza. Kwa lugha ya mtaa wetu, fundi hafukuzwi, ila viungo vya bomba vinafungwa kitambaa na tope linaanza kukauka.

Maisha au mateso. Mateso. Haiui seli za glioblastoma wala hairefushi maisha. Lakini katika mateso, sijaona dawa inayofanya haraka kama hii. Mgonjwa aliyelala bila kusema Jumatatu anaweza kuomba chai Jumatano, na nimeona familia zikishukuru Mungu zikidhani uvimbe umekwisha. Hapo mtafsiri ana wajibu wa kusema wazi kwamba maji yamepungua na uvimbe upo.

Madhara. Ya siku chache ni kukosa usingizi, njaa kali na sukari kupanda. Kumeza dozi asubuhi na mchana badala ya usiku husaidia usingizi. Ya wiki nyingi ni mazito: uso kuwa mviringo, na misuli ya mapaja kuisha hadi mtu akashindwa kuinuka kutoka mkekani au kwenye choo cha kuchuchumaa. Familia hudhani uvimbe umefika miguuni, kumbe ni dawa.

Kisha kuna madhara yanayotuhusu sisi zaidi ya wazungu walioandika maelezo ndani ya boksi. Steroidi inaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala. Inaweza kuwaacha huru minyoo ya strongiloidi, wale wanaoingia kupitia ngozi ya miguu ya watu wanaolima peku, wakasambaa mwilini hadi kuua. Daktari anaweza kutoa dawa yao kabla. Rifampisini ya kifua kikuu na fenitoini ya kifafa huifanya deksamethasoni iondoke mwilini haraka, dozi ikawa kama haitoshi. Baadhi ya dawa za VVU nazo hugongana nayo. Beba dawa zote za mgonjwa kwenye mfuko mmoja, zimwage mezani kwa daktari, hata zile za mganga wa kienyeji.

Na usiikatishe ghafla hata siku moja. Mwili unaotumia steroidi kwa wiki kadhaa huacha kutengeneza ya kwake, na kuikata ghafla kunaweza kumuangusha mtu. Hupunguzwa hatua kwa hatua.

Gharama. Ndiyo nafuu kuliko zote hapa. Ni kidonge, ni cha bei ndogo, na mgonjwa anaweza kukitumia akiwa nyumbani Yumbe au Kasese.

Inamfaa nani. Karibu kila mwenye maumivu ya kichwa, kutapika au kupooza kunakotokana na majimaji, kwa dozi ndogo kabisa inayotosha na kwa muda mfupi unaowezekana. Mwenye kisukari kigumu, kifua kikuu ambacho hakijatibiwa, au aliyeitumia miezi hadi hawezi kusimama, anahitaji kufikiriwa njia nyingine.

Njia ya pili: bevasizumabu

Hii ndiyo dripu ya yule mama. Wengi wanaijua kwa jina la Avastin, na siku hizi zipo zinazofanana nayo kutoka viwanda vingine kwa bei ya chini.

Kwenye mishipa. Ni kingamwili iliyotengenezwa maabara, inayoishika VEGF ikiwa njiani kabla haijafika kwenye kipokezi. Simu inakatwa hewani. Mishipa michanga isiyo na mshiko hunyauka, na iliyobaki hunyooka na kuacha kuvuja kwa muda. Rakesh Jain, mtafiti wa Boston, ndiye aliyependekeza mwaka 2001 kwamba dawa za namna hii huirudisha mishipa katika hali ya kawaida kabla ya kuiua.

Maisha au mateso. Hapa naomba usome polepole.

Mwaka 2014 yalichapishwa majaribio mawili makubwa kwa wagonjwa wapya wa glioblastoma. Katika la kwanza, lenye wagonjwa 921, wote walipata mionzi na vidonge vya kemo viitwavyo temozolomidi. Nusu wakaongezewa bevasizumabu. Muda kabla ya ugonjwa kuonekana kusonga mbele ulikuwa miezi 10.6 kwa walioongezewa na 6.2 kwa wasioongezewa. Lakini muda wa kuishi ulikuwa miezi 16.8 kwa 16.7. Jaribio la pili lilileta picha ileile: 10.7 kwa 7.3 katika kusonga kwa ugonjwa, na 15.7 kwa 16.1 katika kuishi. Mwaka 2017 likaja jaribio kwa wagonjwa ambao uvimbe umerudi, bevasizumabu ikiongezwa kwenye lomustini, dawa nyingine ya kemo: miezi 4.2 kwa 1.5 kabla ya kusonga, na 9.1 kwa 8.6 ya kuishi, tofauti ambayo kitakwimu haikuhesabika.

Inawezekanaje ugonjwa uchelewe kusonga na mtu asiishi zaidi? Sehemu ya jibu iko kwenye picha yenyewe. Dawa ya rangi inayochomwa kabla ya MRI hung'aa pale mishipa inapovuja. Bevasizumabu ikifunga uvujaji, mng'ao unafifia, wakati mwingine ndani ya siku moja au mbili, na picha inapendeza. Seli za uvimbe hazijafa kwa kiasi hicho. Sehemu nyingine ni zile simu nyingi. VEGF ikikatwa, FGF-2 na nyinginezo huchukua kazi, na baadhi ya seli za uvimbe huacha kabisa kuomba mabomba mapya, zikatambaa kandokando ya mishipa ya zamani ya ubongo ambayo hakuna dawa ya kuinyausha.

Kuhusu mateso, majaribio yale mawili hayakukubaliana. La kwanza liliripoti kwamba waliopata dawa walibaki na hali nzuri kwa muda mrefu zaidi na walihitaji steroidi kidogo. La pili likaripoti dalili nzito zaidi na kufikiri kulikozorota zaidi. Kwa maoni yangu, anayekuambia dawa hii haina maana amekosea, na anayekuambia itamponya mgonjwa amekosea vibaya zaidi. Wapo watu inaowapa wiki au miezi ya kutembea na kuzungumza bila deksamethasoni nyingi. Marekani iliiruhusu kwa glioblastoma iliyorudi mwaka 2009, ikaithibitisha Desemba 2017. Ulaya ilikataa. Walitazama takwimu zinazofanana, wakapima tofauti kilicho na uzito.

Madhara. Presha kupanda, protini kwenye mkojo, damu kuganda miguuni au mapafuni, kutokwa na damu ikiwemo ndani ya ubongo, na mara chache utumbo kutoboka. Vidonda havifungi vizuri, kwa hiyo husubiriwa angalau siku 28 baada ya upasuaji na hadi kidonda kipone. Na ikikatishwa, majimaji yanaweza kurudi kwa kishindo. Familia inayoanza inapaswa kujua mapema siku itakapoacha itakuwaje.

Gharama. Sitaandika bei, maana inabadilika kutoka duka hadi duka. Nitakupa hesabu. Dozi ya kawaida kwa glioblastoma ni mg 10 kwa kila kilo ya mwili, kila wiki mbili. Mtu wa kilo 60 anahitaji mg 600 kila mara, na chupa huja za mg 400 na mg 100: moja kubwa na mbili ndogo. Kwa mwaka ni mara 26. Uliza bei ya chupa hizo tatu, zidisha kwa 4 upate miezi miwili, ongeza vipimo vya mkojo na picha, ongeza nauli na malazi. Ukiona pesa zako zinaishia dozi ya pili, zungumza na daktari kabla ya dozi ya kwanza.

Dawa hii hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Chupa iliyosafiri kwenye begi la basi kwa joto la Karuma haifai kuaminiwa. Na bandia zipo: mwaka 2012 hata Marekani zilikamatwa chupa zenye jina la Avastin zisizo na dawa ndani. Nunua pale hospitali inapokuelekeza, na hakikisha imesajiliwa na mamlaka ya dawa ya taifa.

Inamfaa nani. Mgonjwa ambaye uvimbe umerudi, majimaji ni mengi, steroidi imeshamwangusha, presha yake inadhibitika, hana kidonda kibichi wala historia ya karibu ya kutokwa na damu kichwani, na familia inaweza kuilipia kwa miezi kadhaa bila kuuza kinachowalisha watoto. Pia kuna kundi ambalo dawa hii huwafaa na watu hulisahau: aliyepigwa mionzi, na tishu ya ubongo iliyokufa kwa mionzi ikawa inavuja kama uvimbe. Katika jaribio dogo la watu 14 lililochapishwa mwaka 2011, wote waliopata bevasizumabu kwa tatizo hilo walipata nafuu. Ndiyo sababu ya kuuliza, "Je, kinachoonekana ni uvimbe uliorudi au jeraha la mionzi?" kabla ya kukata tamaa.

Njia ya tatu: vidonge vinavyoziba vipokezi

Hapa simu inapigwa, lakini fundi amezibwa masikio. Sediranibu huziba vipokezi vya VEGF. Regorafenibu huziba hivyo pamoja na vya PDGF, vya FGF na vingine, kwa hiyo kimawazo ilipaswa kushinda tatizo la simu nyingi.

Matokeo yamekuwa ya kuvunja moyo. Sediranibu ilionekana mwaka 2007 ikikausha majimaji na kupunguza haja ya steroidi, lakini ilipolinganishwa na lomustini katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2013, haikuishinda katika kuchelewesha ugonjwa. Regorafenibu ilianza vizuri: mwaka 2019 jaribio la Italia lilitoa miezi 7.4 ya kuishi dhidi ya 5.6 ya lomustini. Jaribio jingine kubwa zaidi lililofuata halikuonyesha faida hiyo.

Madhara ni presha, kuhara, uchovu, na kwa regorafenibu, viganja na nyayo kuchubuka na kuuma, jambo linalomsumbua sana mtu anayeishi kwa jembe. Kwa gharama, ni kidonge, hakihitaji dripu wala kitanda, lakini si cha bei ndogo. Kinaweza kumfaa mgonjwa mwenye nguvu, ambaye daktari wake ana sababu mahususi, au aliyepata nafasi kwenye utafiti. Kwa familia inayochanga kanisani na msikitini, sioni kama pesa hizo zianzie hapa.

Njia ya nne: kuiacha mishipa, kushughulika na mengine

Kwenye mishipa, njia hii haina dawa mahususi. Inatumia upasuaji, mionzi na temozolomidi, na pamoja nayo huduma shufaa, yaani ya kutuliza maumivu na mateso.

Naiweka sambamba na nyingine kwa sababu ndiyo iliyowahi kusogeza maisha yenyewe kwa glioblastoma mpya. Mwaka 2005 Roger Stupp na wenzake walionyesha kwamba kuongeza temozolomidi kwenye mionzi kulipandisha muda wa kuishi kutoka miezi 12.1 hadi 14.6, na waliofikisha miaka miwili walikuwa asilimia 26.5 badala ya 10.4. Wenye uvimbe ambao jeni iitwayo MGMT imezimwa hufaidika zaidi. Madhara ni kichefuchefu, uchovu na chembe za damu kushuka, kwa hiyo vipimo vya damu haviepukiki.

Gharama kubwa kwa watu wa mbali ni muda. Mionzi ya kawaida ni vipindi 30, wiki sita za kulala Kampala. Kwa wenye umri wa miaka 60 na zaidi, jaribio la mwaka 2004 lilionyesha kwamba vipindi 15 kwa wiki tatu havikuwapunguzia maisha ukilinganisha na vile 30. Mwombe daktari akueleze kama mzee wako anaweza kupata ratiba hiyo; wiki tatu za malazi ni pesa. Mashine za mionzi sasa zipo nchini, na tunaokumbuka mwaka 2016, mashine pekee ya nchi ilipokufa na wagonjwa wakapelekwa Nairobi, hatulichukulii hilo kwa wepesi.

Huduma shufaa inatajwa mwisho na watu wengi, ikionekana kama kukata tamaa. Uganda ni miongoni mwa nchi za Afrika zilizotangulia hapa: Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, yenye makao Makindye, morfini ya maji inatengenezwa hapa hapa na kutolewa bure, na tangu 2004 wauguzi waliopata mafunzo maalum wanaruhusiwa kuiandika. Mgonjwa anaweza kuwa chini ya huduma hiyo siku ileile anapoanza mionzi. Hakuna anayelazimika kuchagua kati ya tiba na kutulizwa.

Inamfaa kila mgonjwa mpya kama msingi, na upande wa shufaa unamfaa kila mmoja bila kujali njia nyingine aliyochagua.

Kulingana na hali yako

Kama mgonjwa ndiyo kwanza amegunduliwa na pesa ni kidogo, zipeleke kwenye kinyama cha kupima, upasuaji, mionzi na temozolomidi, na deksamethasoni kwa majimaji. Takwimu za 2014 hazikupi sababu ya kuuza mali ili kuongeza bevasizumabu mwanzoni.

Kama uvimbe umerudi na mgonjwa bado anatembea na kula mwenyewe, mwambie daktari apime kwanza kama upasuaji wa pili au dawa ya kemo inawezekana, kisha mzungumzie bevasizumabu mkijua mnalipia nafuu ya muda. Wekeni tarehe: baada ya dozi 4 mtaangalia nini ili kuamua kuendelea? Jibu liwe jambo la mwili, kwa mfano anatembea hadi mlangoni, steroidi imepungua nusu. Picha peke yake isiamue, kwa sababu hii ni dawa inayoipendezesha picha.

Kama steroidi imemla misuli, sukari imegoma kushuka, na kichwa bado kimejaa maji, hapo hoja ya bevasizumabu ina nguvu kuliko mahali pengine popote.

Kama mionzi ilipigwa miezi iliyopita na doa jipya limetokea palepale, uliza kuhusu jeraha la mionzi.

Kama mgonjwa ana VVU au aliwahi kuugua kifua kikuu, usikubali dawa yoyote ya mishipa kabla ya kuambiwa ni kwa ushahidi gani doa lile si maambukizi wala limfoma.

Kama ni mtoto, karibu hakuna takwimu niliyoandika hapa inayomhusu. Uvimbe wa watoto una tabia zake, na kichwa kikijaa maji kwa sababu njia ya maji ya ubongo imezibwa, haja ya kwanza ni upasuaji wa kuifungua. Wapo wataalamu wa hilo Mbale.

Kama mgonjwa analala muda mwingi, hamezi vizuri, na safari ya kwenda Kampala inamtesa kuliko ugonjwa, basi deksamethasoni kwa kiasi kinachotuliza, morfini, dawa ya kifafa, na muuguzi wa shufaa anayefika nyumbani.

Yule mama wa Koboko nilikaa naye kwenye benchi, tukapiga hesabu ya chupa nyuma ya risiti ya basi. Kisha tukaingia pamoja kwa daktari, naye akauliza mwenyewe, mimi nikitafsiri: "Hii dawa itamwongezea kaka yangu siku, au itamfanya ashinde vizuri siku alizonazo?" Daktari aliweka kalamu chini, akavuta kiti, akaanza kumjibu.